Si Kila Aloi Ina Nyuzi Moja ya Kuyeyuka

Nimelisema hili hadi limenichosha, na bado kwenye karatasi za mitihani nakuta: “Aloi ya risasi na bati huyeyuka kwa nyuzi 183.” Aloi ipi, jamani?

Chukueni lehemu yenye bati asilimia 40 na risasi 60, kwa uzito. Ipozeni polepole kutoka nyuzi 300. Ikikaribia 240 mnagusa likwidasi, mstari wa juu wa mchoro wa awamu (ule unaoonyesha aloi ni yabisi au kimiminika kwenye joto lipi), na yabisi ya kwanza inajitokeza. Hiyo si risasi tupu. Ni risasi iliyomeza bati, awamu ya alfa. Kadiri alfa inavyoongezeka, kimiminika kinachobaki kinazidi bati. Juu kidogo ya 183, alfa ina bati kama asilimia 18, kimiminika 62.

Sasa kanuni ya wenzo, ya kupata kiasi cha kila awamu kwa kupima umbali kwenye mchoro. Kiasi cha kimiminika ni mkono wa upande wa alfa, siyo wa upande wake mwenyewe. Hapo ndipo wengi mnapoanguka. 40 toa 18 ni 22, mkono wa alfa. 62 toa 18 ni 44, urefu wote. 22 kwa 44: nusu! Nyuzi zaidi ya hamsini zimeshashuka, na nusu ya lehemu bado haijaganda. Ni uji. Tikisa waya wakati huo, kiungo kinatoka na chembechembe na nyufa, halafu lawama anabebeshwa aliyeuza lehemu.

Mtasema basi aloi hiyo ni mbovu. Nani kasema? Mafundi wa mabomba ya risasi Uingereza walitumia lehemu ya namna hiyo makusudi, wakiisukuma kwa kitambaa kuzunguka kiungo ingali uji. Saketi za redio ndizo zinazotaka bati 62 kwa risasi 38, yutektiki, inayoganda yote palepale kwenye 183. Ile ya 60 kwa 40 inaikaribia tu.

Muda unanikimbiza. Lehemu isiyo na risasi, yenye fedha asilimia 3 na shaba 0.5, inaanza kuyeyuka kwenye 217. Ongezeni joto la pasi ya kulehemu. Kwenye mchoro wa chuma na kaboni, nyuzi 727 ni yutektoidi: yabisi moja inazaa mbili, kimiminika hakimo. Na martensaiti, ile awamu ngumu ya chuma, msiitafute kwenye mchoro huo. Mchoro ni wa kupoza polepole, martensaiti inapatikana kwa kuzamisha chuma cha moto kwenye maji. Haya, maswali.