Ufunguo Anao Nani?

Walimu wenzangu, mratibu kanipa mada ya matumizi ya TEHAMA darasani. Mlionisikia mwaka jana mnajua naanzia wapi. Nivumilieni, naanzia palepale.

Nilifika shule moja, jina silitaji. Chumba cha kompyuta kipo. Kompyuta 12, kila moja imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama redio ya bibi. Mlangoni pameandikwa "Vua viatu". Nikauliza, nani anazitumia? "Tunazitunza, wathibiti ubora wakija wazikute nzima." Sasa sikilizeni. Nyuma ya ukuta uleule, Kidato cha Pili wako kwenye kipindi cha sehemu za kompyuta. Mwalimu kachora kibodi ubaoni kwa chaki, na kachora vizuri, simnyimi haki yake. Watoto wananakili. Nikamwuliza mmoja, kipanya kinafanya kazi gani? "Kina mkia, mwalimu." Nikatazama ubao. Kweli, kina mkia!

Mnacheka. Haya, vishikwambi vya sensa ya 2022 si tuligawiwa sisi walimu? Chako kiko wapi? Usinijibu. Kiko nyumbani, mtoto anaangalia katuni. Na si sisi tu. Peru waligawa kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu ya wanafunzi. Utafiti uliotoka 2012 ukakuta alama za hisabati na lugha hazijasogea. Mashine zilifika, ufundishaji ukabaki ule wa jana.

Namwona mzee wa pale nyuma anatikisa kichwa. "Umeme hatuna, bando ghali, darasa lina watoto 90." Mimi nimefundisha 104, baba, tuheshimiane.

Kuna mwalimu wa darasa la tatu, ana simu yake tu. Anamrekodi mtoto akisoma aya moja, kisha anamsikilizisha. Bando halihitajiki hapo. Siku niliyokuwepo, kijana mmoja alikuwa akisoma kama anakimbizwa na nyuki, nukta anazipita tu. Mwaka mzima kaambiwa "zingatia nukta". Aliposikia sauti yake mwenyewe akashtuka: "Mwalimu, mbona sipumui?" Akaomba arudie. Wenzake wakawa wanahesabu nukta kwa vidole. Mara ya tatu, kwenye kila nukta, akapumua. Simu ilitumika dakika nne, ikarudi mkobani.

Nilitaka kugusa usalama wa watoto mtandaoni, nywila na akili mnemba, ila mratibu ananionesha saa. Nywila: msiziandike ubaoni, jamani. Akili mnemba, mwakani, mkinialika tena.

La mwisho. Mwalimu mkuu, mwenyeji wetu, asubuhi nimepita chumba kile cha mwisho karibu na mwembe, nikakuta kufuli lina kutu. Kabla ya chai ningeomba tukifungue. Ufunguo anao nani?

Mhasibu. Vizuri. Na mhasibu yuko wapi?

Likizo.