Mtu Mzima Asiwekwe Benchi la Watoto

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimeombwa nizungumzie maandalizi ya watu wazima kwa Komunyo ya Kwanza, yaani kupokea Ekaristi, Mwili wa Kristo, kwa mara ya kwanza. Wengi wenu humu ni makatekista, mambo ya Ekaristi mnayafundisha kila wiki, kwa hiyo Karamu ya Mwisho nitaiacha kwenu. Mimi nitaanza na magoti.

Wakati wa komunyo, watu wakiinuka benchi kwa benchi, kuna mtu haendi. Anageuza magoti pembeni ili wenzake wapite. Mwingine anainamia kitabu cha nyimbo, anatafuta ukurasa ambao hauhitaji. Mwingine anatoka nje na simu sikioni. Sisi tukimwona tunasema, huyo ana dhambi zake, tumwache. Mbona hatujiulizi kama amewahi kupokea hata mara moja?

Wanaoniogopesha zaidi ni wale tusiowaona kabisa. Nilikaa na mmoja miaka mingi kwenye kwaya. Alikuwa sauti ya nne, besi nzito ya kutegemewa. Kwaya hupokea mwishoni, mnajua, baada ya waamini wengine. Basi sisi tukishuka kwenda kupokea, yeye alibaki juu anakusanya madaftari. Anayapanga, anayagonga pembe zilingane, anayaweka kwenye sanduku. Tukirudi, kazi imekwisha na yeye amepiga magoti kama sisi. Tulimsifu kwa bidii yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini madaftari yasisubiri dakika tano.

Jioni moja baada ya mazoezi aliniambia maneno matatu tu: "Mwalimu, mimi sijawahi." Nikamuuliza, hujawahi nini? Akaonyesha tabernakulo, kile kisanduku kanisani kinachohifadhi Ekaristi, kwa kidevu.

Alibatizwa akiwa mchanga. Wazazi wakahamahama, mafundisho yakampita. Alipofika miaka 19 alikwenda mwenyewe kwenye parokia moja akasema anataka kupokea. Wakamwambia, darasa lipo Jumamosi, jiunge na wenzako. Hao wenzake walikuwa watoto wa miaka tisa. Akakaa kwenye benchi fupi, magoti yakamfika kifuani, akaimba nao na kukariri nao. Jumamosi ya tatu mtoto aliyekaa karibu naye akamuuliza kwa upole kabisa: "Mjomba, wewe umefanya nini?" Alidhani amewekwa pale kwa adhabu. Yule kijana hakurudi. Aliponisimulia hayo alikuwa na miaka 46. Hesabuni wenyewe: miaka 27, kwa sababu ya benchi.

Nimekisimulia kisa hiki mahali pengi na nitaendelea kukisimulia, maana kila mwaka nakutana na parokia inayofanya vivyo hivyo. Nikiuliza, naambiwa hatuna mwalimu wa ziada. Mtu mzima mmoja na katekista mmoja, saa moja kwa wiki, hilo nalo linahitaji bajeti gani?

Najua mnachotaka kusema. Mtu mzima naye ni lazima asome, sakramenti haigawiwi ovyo. Ni kweli, asome. Sijasema afundishwe kidogo, nasema afundishwe kama mtu mzima. Lakini tusigeuze mafundisho kuwa ukuta. Kanuni ya 912 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema kila mbatizwa asiyezuiwa na sheria anaweza, na ni lazima, akubaliwe kupokea Komunyo Takatifu. Sikilizeni hilo neno "lazima". Linatubana sisi, si yeye. Kabla ya mwaka 1910 sehemu nyingi watoto walingojeshwa hadi miaka 10, 12, hata 14, kwa hoja hiyo hiyo kwamba hawajajua vya kutosha. Papa Pio wa Kumi akalikata jambo hilo tarehe 8 Agosti mwaka ule: mtoto wa miaka kama saba, akizijua kweli za msingi za imani kwa kadiri ya akili yake na kuutofautisha mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida, apokee, na mafundisho yaendelee. Sasa wewe unamzuia mtu wa miaka 46 kwa sababu amekosea mpangilio wa vipaji saba vya Roho Mtakatifu!

Besi wetu hakuwa na shida ya kukariri. Shida yake ilikuwa maswali ambayo darasa la watoto haliwezi kuyabeba. Je, kuimba miaka yote hiyo bila kupokea kulikuwa unafiki? Nikamjibu, uliimba kwa sababu ulikuwa na njaa. Akauliza, dhambi za miaka yote hii nitaanzia wapi? Hapo ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko popote. Mtoto anakwenda kitubio cha kwanza na ugomvi wa dada yake. Mtu mzima anakwenda na nusu ya maisha. Nilimweleza kwamba Kanisa linamtaka aungame dhambi kubwa zote anazozikumbuka baada ya kujichunguza kwa makini, kwa aina na idadi. Asichokikumbuka kwa kweli hakimfungi, na akishindwa pa kuanzia amwambie padre hivyo hivyo: nimeshindwa pa kuanzia. Aliandika kwenye karatasi, pande zote mbili. Alipotoka kitubioni alikuwa ameikunja ile karatasi ndogo kabisa, kama punje ya hindi, akaitia mfukoni. Nikamwambia ichome. Akaichoma.

Halafu mikono. Msidharau mikono. Mtu mzima anaogopa kuonekana hajui. Padre alitupatia hostia, vile vikate vya komunyo, ambazo hazijawekwa wakfu, tukafanya mazoezi kanisani milango imefungwa. Nilimfundisha vile Mtakatifu Kirilo wa Yerusalemu alivyowafundisha wabatizwa wapya katika karne ya nne: mkono wa kushoto uwe kiti cha enzi kwa ule wa kulia, maana unampokea Mfalme. Leo wengi wetu tunaupokea Mwili juu ya kiganja cha kushoto na kuuchukua kwa mkono wa kulia. Anayetaka ulimini, apokee ulimini. Muhimu ile "Amina" isikike. Mtakatifu Augustino aliwaambia watu wake kwamba wanaitikia Amina kwa fumbo lao wenyewe, kwa kuwa wao ni mwili wa Kristo. Mikono ya besi wetu ilitetemeka hata kwa hostia ya mazoezi. Tulirudia mara nne.

Siku yenyewe alikataa sherehe. Ilikuwa Jumapili ya kawaida. Alishuka ngazi za kwaya wa kwanza, sisi tukiwa bado tunaimba, na wote tulisikia sauti ya nne imepwaya. Madaftari siku hiyo niliyakusanya mimi.

Kuna jambo lingine nalisikia kila semina: kwa nini tusimngojeshe hadi Mkesha wa Pasaka, apokee na wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa? Jamani, huyu si mkatekumeni! Mkesha ni usiku wa wasiobatizwa, wanaopata ubatizo, kipaimara (sakramenti ya kuimarishwa na Roho Mtakatifu) na Ekaristi kwa pamoja. Augustino alibatizwa usiku huo huko Milano mwaka 387, akiwa na miaka 32. Ndugu yetu ubatizo anao tayari, na ukimpanga na wasiobatizwa unaufanya ubatizo wake kama kitu kisichokuwapo. Kitabu cha kuwaingiza watu wazima katika Ukristo, cha mwaka 1972, kina sura nzima ya watu wazima waliobatizwa utotoni wasipate katekesi. Kisomeni. Akiwa tayari mwezi wa nane, apokee mwezi wa nane.

Naona saa inanikimbiza. Kipaimara: kama hana, msikiache, kiandaliwe pamoja na Ekaristi na paroko azungumze na askofu mapema. Waliobatizwa katika madhehebu mengine kwa ubatizo halali hawabatizwi tena, wana utaratibu wao wa kupokelewa. Mfungo ni saa moja kabla ya kupokea, tangu mwaka 1964. Maji na dawa havifungui mfungo, na wagonjwa na wazee wana nafuu yao. Waambieni, maana wapo watu wazima wanaokaa na njaa tangu usiku wa manane kwa kukumbuka ya bibi zao.

Ndoa nilitaka niipe nusu saa, na sasa haipo. Nitasema hili tu: mtu mwenye ndoa isiyofungwa Kanisani asihukumiwe na katekista pale mlangoni. Hali hazifanani, na nyingine hurekebishika. Mpelekeni kwa padre, na msimtume peke yake, mwende naye. Mwenye jambo la namna hiyo, lake au la mtu wake, nitakaa hapa mbele mpaka taa zizimwe.