Hofu ni Kwako Wewe Uliye Mbali

WAKIO: Tumerudi. Salim, leo hata hujaniuliza kuku wangu.

SALIM: Kuku watangoja. Dada yangu anapaka rangi nyumba ya mama pale Kibokoni, Mombasa. Jumanne kavuta kabati kubwa, nyuma yake kakuta barua. Kanipigia picha kwa WhatsApp. Bahasha ya ndege, stempu ya Malkia. Leicester, Machi 1997. Nilikuwa na miaka 16.

WAKIO: Ya yule Banyani?

SALIM: Ya yeye.

WAKIO: Wasikilizaji wa zamani wanamjua. Yule wa raba.

SALIM: Yule wa raba. Aliandika jina langu kwa herufi za Kigujarati kwenye raba yangu, na mimi nikawa nafuta kwa ncha moja tu ili lisiishe. Daftari langu la hesabu lilijaa madoa mwaka mzima.

WAKIO: Na jina lake hatutaji. Kwanza ni mtu ana maisha yake. Pili, huku kwetu Kenya kifungu cha 162 cha sheria ya jinai, kile cha kuharamisha mapenzi ya wanaume kwa wanaume, kipo palepale, miaka 14, Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019.

SALIM: Kifungu cha 162 hakisemi lolote kuhusu raba.

WAKIO: Soma barua.

SALIM: "Kwako rafiki mpendwa Salim. Pokea salamu chungu nzima kama mchanga wa bahari. Dhumuni la waraka huu ni kukujulia hali. Natumai u buheri wa afya. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima kama kigongo, hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu."

WAKIO: (anacheka) Hiyo ni insha! Huyo alikuwa anangoja alama!

SALIM: Barua hiyohiyo mwalimu alimpa 14 kwa 20 kidato cha pili. Akaenda nayo Uingereza.

WAKIO: Babangu alilazwa na malaria, akaandika nyumbani Wundanyi kuomba blanketi. Mstari wa kwanza: "mimi huku ni mzima kama chuma cha pua." Mamangu akasema basi blanketi la nini, hakupeleka!

SALIM: (anacheka) Mimi nilidhani chuma cha pua ni kipini.

WAKIO: Hata mimi! Mpaka nikiwa chuo! Na shangazi yangu, ukurasa mzima hali ya ng'ombe, hali ya mvua, hali ya mchungaji, halafu pembeni, herufi ndogo kama chungu: "kuhusu karo, tumwachie Mungu."

SALIM: Wasikilizaji, tutumieni mianzo yenu. Wa "nachukua fursa hii adhimu kushika kalamu" wasitume, hao ni wengi.

WAKIO: Tuna dakika ngapi? Nimeandika mambo matatu kwa wazazi.

SALIM: Yatafika. Nikasoma barua ile nikamkumbuka Simon Nkoli, yule mwanaharakati wa Afrika Kusini aliyepinga ubaguzi wa rangi na kutetea wapenzi wa jinsia moja, maana ya kwake nayo ilianza kwa kalamu. Mimi nimekaa Johannesburg miaka tisa. Kijana wa kama miaka 19, 20, mzaliwa wa Soweto, anaandikiana na Mzungu dereva wa basi. Kuandikiana tu. Mwisho wakakutana, wakapendana.

WAKIO: Na mamake?

SALIM: Mamake kampeleka kwa waganga, kampeleka kwa padri, kampeleka kwa mwanasaikolojia. Kumbe mwanasaikolojia naye ni mwenzao! Akawaambia wakaishi pamoja.

WAKIO: (anacheka) Mama wa watu alilipa pesa.

SALIM: Sasa wataishi wapi? Ni miaka ya sabini. Mtaa wa weupe mweusi halali ila awe mtumishi. Basi Nkoli akajifanya boi wa yule Mzungu.

WAKIO: Hapo ndipo ninapokwama. Hodi ikipigwa, mpenzi wako anashika fagio.

SALIM: Anajifanya.

WAKIO: Fagio halijui kama unajifanya.

SALIM: Lakini yule Mzungu naye angeshikwa. Sheria ilikuwa juu ya wote wawili.

WAKIO: Wa kufukuzwa mjini usiku uleule ni nani? Wa kupelekwa kwa waganga? Na hao weupe, Nkoli aliposhikwa 1984, washtakiwa 22 wa Delmas, kesi ya uhaini, chama chao cha wapenzi wa jinsia moja, GASA, kilimtetea?

SALIM: Hakikumtetea. Lakini GASA si yule dereva. Na Nkoli mwenyewe alikataa kukatwa vipande viwili, mweusi huku, mpenzi wa wanaume kule. Kaachiwa 1988, na 1990 yuko mbele kwenye maandamano ya kwanza ya wapenzi wa jinsia moja Johannesburg. Oktoba 1998 Mahakama ya Katiba inafuta ile sheria ya zamani ya kuharamisha mapenzi ya wanaume, Novemba 30 Ukimwi unamchukua.

WAKIO: Wiki saba. (kimya) Lakini usinihamishe. Mimi niko kwenye fagio. Na wewe mwenyewe una kikombe.

SALIM: Nilijua utakitoa.

WAKIO: Kitoe wewe.

SALIM: Nyumbani kwao yule wa raba, Tudor. Kikombe cha stili, dirisha la jikoni, upande wa nje, kando ya kipande cha sabuni. Cha askari, cha boi, na changu. Na tuseme haki, kwetu naye alikuwa haingii. Barazani tu. Mamangu alimwita mwabudu ng'ombe, akidhani hasikii.

WAKIO: Barazani hata mimi ningekaa. Kikombe alikuwa anakiona?

SALIM: Kila siku. Ndipo siku moja akakitwaa, akanywea yeye, mbele ya nyanyake. Akanywa taratibu, maji yote. Nyanya hakusema neno, alikichukua akakitupa.

WAKIO: Na wiki ya pili?

SALIM: Kikombe kipya.

WAKIO: Dirishani?

SALIM: Dirishani.

WAKIO: Umeona?

SALIM: Nilimwona akinywa, Wakio. Mtoto wa miaka 15.

WAKIO: Nami naona dirisha. Kunywa mara moja ni rahisi kwa mwenye glasi ndani.

SALIM: Ungemtaka afanye nini? Avunje nyumba ya babake?

WAKIO: Akutilie maji kwenye glasi.

SALIM: Huelewi nyumba zile.

WAKIO: Naelewa glasi.

(kimya)

SALIM: Haya. Endelea.

WAKIO: Siendelei, muda umekwisha. Giza linaingia na kuku hawajafungiwa, na mambo yangu matatu kwa wazazi nimeyakalia tu. La kwanza…

SALIM: Sema la kwanza.

WAKIO: La kwanza refu. Niambie hili tu: ulimjibu?

SALIM: Sikuwahi kuiona. Bahasha ilikuwa imefunguliwa, lakini si mimi niliyeifungua.

WAKIO: Ni nani?

SALIM: Kabati ni la mama.

WAKIO: Salim.

SALIM: Na nilichokusomea ni upande mmoja. Chini ameandika kama kwenye karatasi ya mtihani: "Geuza."

WAKIO: Basi geuza!

SALIM: Picha ni moja. Nimemwambia dada apige na nyuma. Tangu Jumanne.

WAKIO: Hajasoma?

SALIM: Amesoma. Tiki mbili, za buluu.