Kiraka cha Zambarau

Ndugu zangu, naomba mnisikilizie sentensi hii: “Jua, mfalme wa mbingu, lilikuwa likikunja mkeka wake wa dhahabu, na upepo mwanana ukiyabembeleza majani kwa vidole vyake vya hariri, mama alipopokea simu kuambiwa mwanawe amefariki.”

Mmesikia? Kifo kimefika mwisho wa foleni, nyuma ya mkeka na vidole. Nauliza: nani analitazama hilo jua? Si mama. Mwenye simu kama hiyo sikioni haoni jua wala majani. Anayelitazama ni mwandishi, naye anataka tumtazame yeye.

Ugonjwa huu ni wa kale. Miaka kama 2,000 iliyopita Horace, mshairi wa Roma, aliwasema watunzi wanaoanza kwa kishindo, kisha wakashonea hapa na pale kiraka cha zambarau ili king’ae kwa mbali: mara kijito, mara upinde wa mvua. Hakusema kijito ni kibaya. Alisema hapo si mahali pake. Na rangi ya zambarau ya zama zile ilikuwa mali hasa, ikitolewa kwa konokono wa baharini. Mwaka 1909 mkemia Paul Friedländer alitumia konokono 12,000 akaambulia gramu 1.4 tu. Kitambaa cha thamani hiyo ukikishonea popote, macho yote yanakimbilia kiraka, vazi halionekani tena.

Nasi tuna viraka vyetu, tena vya kuazimana: macho ya gololi, pua ya upanga, meno meupe kama theluji, kiuno cha nyigu. Virundike vyote kwa msichana mmoja uone. Msomaji hapati sura, anapata orodha aliyokwisha kuisikia. Lakini niambie kwamba kila akicheka huziba mdomo kwa kiganja, nitamtambua hata ukurasa wa mia.

Sisemi tuandike kikavu. Kiswahili kinapenda kupambwa, na mimi nakipenda hivyo hivyo. Jiwe likitumbukia majini chubwi! neno hilo moja limemaliza kazi ya aya nzima.

Turudi kwa mama. Mimi ningeandika hivi: “Simu ilimkuta mama akikata kitunguu. Alisikiliza, akaiweka chini, akaendelea kukata. Kilipokwisha, akachukua kingine.”

Jua nimeliacha nje. Kama bado unalitaka, lilete kesho yake asubuhi, mama atakapofungua mlango akalikuta linawaka kama siku zote.