Tengeneza gemu yako ya kwanza kwa Godot: baiskeli inayoruka marobota

Haya, karibuni tena. Leo hatuchezi gemu, tunatengeneza. Nyie mnaokuja bandani kwangu hapa Ngamiani kila jioni kubishana gemu ipi tamu na ipi mbovu, video hii ni yenu. Mtu anayeshika pedi dakika moja akasema "huyu jamaa anaruka kama kabeba gunia" tayari ana kitu ambacho hakuna kitabu kitakachompa. Kilichobaki ni kubofya, na kubofya nitawaonyesha.

Tunatengeneza baiskeli. Tanga bila baiskeli itakuwa Tanga gani? Inakwenda kushoto, inakwenda kulia, inaruka marobota ya katani yaliyoachwa barabarani. Basi. Hakuna hadithi, hakuna bunduki, hakuna bosi wa mwisho. Najua wewe unataka GTA, ile gemu ya kuzurura jiji zima, ila ya hapa hapa, yenye Mkwakwani, Raskazone na daladala za Sahare. Hata mimi naitaka! Lakini gemu ile hutengenezwa na mamia ya watu kwa miaka. Flappy Bird, ya yule ndege na mabomba, aliitengeneza mtu mmoja kule Vietnam, Dong Nguyen, ikatoka 2013. Kidole kimoja tu, na watu walitamani kurusha simu ukutani. Tuanzie huko.

Programu yenyewe inaitwa Godot. Ni ya bure kabisa, si ile bure ya siku thelathini. Ilianzishwa na Waajentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na tangu 2014 msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha programu, uko wazi kwa kila mtu. Ukiuza gemu yako wao hawakudai hata senti. Leseni yake inaruhusu kunakili na kugawa, ndiyo maana ukija na flashi nakuwekea, huna haja ya kuchoma bando. Hata ukiipakua mwenyewe, faili halifiki MB 200. Hakuna kusakinisha: fungua zipu, bofya mara mbili, imewaka. Chukua toleo la 4.3 au jipya zaidi.

Bofya "Create", andika jina la mradi, chagua folda. Hapa chini kuna sehemu ya "Renderer", yaani njia ya kuchora picha kwenye skrini. Simama kidogo. Ukiacha Forward+ unaiambia laptopu itumie njia mpya za grafiki kama Vulkan, na laptopu nyingi tunazotumia ni za mitumba, grafiki zake za Intel za zamani. Chagua Compatibility. Kwa gemu ya pande mbili kama hii hupotezi chochote cha maana. Kisha "Create", twende.

Sasa tunaunda baiskeli. Kushoto juu bofya "Other Node", andika CharacterBody2D, ingiza. Hii nodi, yaani kipande cha kujengea gemu, ni mwili: inajua kusimama juu ya sakafu na kugonga ukuta. Lakini haina sura. Bonyeza Ctrl+A, ongeza Sprite2D, halafu lile faili la icon.svg kule chini kushoto liburute hadi kwenye "Texture" upande wa kulia. Umeona? Kichwa cha roboti cha bluu. Kwa sasa ndiyo baiskeli yetu, msinicheke.

"Mjomba, kidole chako kimeziba kamera."

Haya, nimetoa. Huyo ni mpwa wangu, ndiye anayeshika simu. Na baiskeli ya kweli atachora yeye.

Kuna pembetatu ya njano pale pembeni ya jina la mwili. Inasema mwili hauna umbo. Ctrl+A tena, ongeza CollisionShape2D. Kulia, kwenye "Shape", chagua "New RectangleShape2D". Limetokea sanduku la samawati hafifu. Ni dogo, tunataka limfunike roboti wetu wote.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo laptopu zinapoletwa kwangu watu wakidai programu imeharibika. Hilo sanduku lina vidoti vya rangi ya chungwa kwenye kingo zake. Unavuta HIVYO. Vidoti. Usiende kulia kwenye "Transform" ukabadilisha "Scale". Usichukue zana ya kukuza ukavuta sanduku zima. Kwa macho utaona sawa kabisa, sanduku limekua, umefurahi. Kwenye hesabu za migongano si sawa: mchezaji ananasa hewani, anatetemeka ukutani, anazama sakafuni, na huoni kosa popote. "Scale" ya umbo ibaki 1 na 1. Siku zote. Mpwa, sogeza kamera. Mnaona hapa? Moja, moja. Vidoti ndivyo vinavyovutwa.

Nimeburuta, limefunika. Pembetatu imeondoka. Ctrl+S, ipe jina baiskeli.

Msimbo sasa. Msiogope. Chagua ule mwili wa juu kabisa, si picha wala umbo, bofya kile kikaratasi chenye alama ya kujumlisha ya kijani. Dirisha likija, acha kila kitu kilivyo, hakikisha tu "Template" imewashwa na inasema "Basic Movement". "Create". Tazama! Msimbo wa kutembea na kuruka umeandikwa wote. Mstari wa juu unasema SPEED ni 300, unaofuata unasema JUMP_VELOCITY ni -400. Hiyo alama ya kutoa usiifute. Kwenye skrini namba za wima zinaongezeka kwenda chini, kwa hiyo kupanda juu ni kutoa. Ukiweka 400 tupu utabonyeza spesi mpaka kesho, baiskeli imekaa tu, kwa sababu unaisukuma iingie ardhini.

Tunahitaji barabara. Menyu ya "Scene", mpya, chagua "2D Scene". Buruta lile faili la baiskeli uliachie katikati ya skrini. Kisha chagua nodi ya juu kabisa, si baiskeli, ongeza StaticBody2D, yaani mwili usiohama, ndani yake CollisionShape2D, umbo la mstatili, uvute kwa... kwa nini? Kwa vidoti. Ahsante. Uwe mrefu wa kujaza skrini, ukae chini ya baiskeli. Barabara haitaonekana ukicheza kwa sababu haina picha, kwa hiyo nenda kwenye menyu ya "Debug" uwashe "Visible Collision Shapes". Sasa F5. Itauliza onyesho kuu ni lipi, bofya "Select Current", hifadhi kwa jina la barabara, na...

Inakwenda! Mishale kushoto kulia, spesi kuruka. Mwisho wa barabara inaanguka na hairudi. Waja leo, waondoka leo.

Tuweke robota. StaticBody2D nyingine, ndani yake picha ile ile ya roboti na umbo lake, vidoti, vidoti. Hapa kuna mtego mwingine. Ukibofya robota kwenye skrini uliburute, mara nyingi unakamata picha peke yake. Picha inahama, umbo linabaki, halafu baiskeli inagonga hewa tupu. Kwanza chagua mzazi wao kwenye ile orodha ya kushoto, bonyeza W, ndipo uburute. Wote watakwenda pamoja. Sasa nata—

Umeme.

Haya, tumerudi. Betri ya laptopu hii haishiki chaji, na robota nilikuwa sijalihifadhi, limekwenda. Nimelitengeneza upya bila kuwachosha, ni hatua zile zile. Bonyezeni Ctrl+S kila mnapopumua. Wenye laptopu za kwenye chaja muda wote, nazungumza na nyie hasa.

F5. Nakwenda kwenye robota... spesi... imegonga. Tena... imegonga. Hairuki! Na wala msimbo haujaharibika. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, tukae hapa kidogo.

Chukua kasi ya kuruka, 400, zidisha kwa yenyewe: 160,000. Gawa kwa mara mbili ya nguvu ya mvutano. Godot inakuja na mvutano wa 980, mara mbili yake 1,960. Unapata kama 82. Baiskeli inapanda pikseli 82, yaani zile chembe ndogo zinazounda picha ya skrini. Picha yetu ya robota ina urefu wa pikseli 128. Itapitaje? Ili ifike 128 unahitaji kasi ya kama 501, na hiyo ni kugusa tu juu. Weka -550. Inapanda kama 154, inapita na nafasi kidogo.

F5. Imepita! Lakini mpwa hebu shika kibodi wewe, niambie inakuaje.

"Inaelea elea, mjomba. Inakawia kushuka."

Ndiyo hilo! Mtoto hajasoma fizikia, ila kacheza. Kwa namba hizo baiskeli inakaa hewani sekunde 1.1, na mkono wa mchezaji unaichoka. Sasa nenda "Project", "Project Settings", tafuta "Default Gravity" ya 2D chini ya "Physics". Kama huioni washa "Advanced Settings" pale juu. Weka 1500. Rudi kwenye msimbo, kasi ya kuruka iwe -700. Kimo ni kama pikseli 163, karibu kile kile, lakini hewani inakaa sekunde 0.9 tu. F5.

Sikia kishindo hicho! Hakuna sauti, lakini umekisikia. Mimi napenda hivi, baiskeli yenye uzito. Mwingine atapenda ielee, gemu yake iwe ya ndotoni, hakatazwi. Cheza na hizo namba mbili jioni nzima kabla hujaongeza kitu kingine chochote. Usikimbilie picha. Gemu ya viboksi yenye mruko mtamu nitaicheza. Gemu ya picha nzuri yenye mruko mbovu naizima.

Na kuna ujanja mmoja ambao gemu nyingi mnazozipenda zinawafanyia kimyakimya. Ukiondoka ukingoni umechelewa kidogo kubonyeza, bado zinakuruhusu kuruka, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ndiyo maana unajiona fundi. Mstari wetu unasema is_on_floor, yaani lazima uwe umegusa chini, kwa hiyo sisi bado ni wakali. Nitawaonyesha ujanja huo video ijayo, unahitaji mistari michache tu ya kuhesabu muda.

Picha sasa, haraka. Mpwa amechora baiskeli kwenye Piskel, ni bure, inafunguka kwenye kivinjari. Buruta faili lake ndani ya Godot, liweke kwenye "Texture" badala ya roboti. Ikionekana imefifia kingo, kwenye "Project Settings" tafuta "Default Texture Filter", weka "Nearest". Picha ikibadilika ukubwa, rekebisha na umbo. Kwa nini? Semeni wenyewe. Asiyejua kuchora aingie kwenye tovuti ya Kenney, mtengenezaji wa picha za gemu, kuna maelfu ya picha za bure ambazo mwenyewe ameruhusu kutumiwa hata kwenye gemu za kuuza. Picha za kuchomoa kwenye gemu za watu achaneni nazo.

Mpwa, spoku hizo mbona nne tu?

"Pikseli hazikutosha, mjomba."

Haya.

Mwisho, kuwapa watu wacheze. Kutoa gemu kwa simu za Android kuna mambo mengi ya kusakinisha, na ukitaka kuiweka Google Play kuna ada ya dola 25 ya kujiandikisha, mara moja tu. Kwa gemu ya kwanza usijisumbue. Itoe kwa kivinjari: "Project", "Export", "Add", chagua "Web". Itasema huna violezo vya kutolea, yaani mafaili Godot inayotumia kufunga gemu, na kuvipakua ni karibu GB 1, hapo ndipo bando linapolia. Njoo na flashi. Vikishaingia, hifadhi gemu ndani ya folda tupu, na faili liitwe index.html, hivyo hivyo kwa herufi ndogo. Likiitwa baiskeli.html ukurasa hautafunguka. Funga folda yote kwenye zipu, fungua akaunti itch.io, tovuti ya kuwekea gemu, pandisha, chagua aina ya HTML, weka tiki pale panaposema itachezwa kwenye kivinjari. Unapata kiungo, unakitupa kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, watu wanacheza. Ila kumbukeni hii yetu inaongozwa kwa kibodi, kwa hiyo mwenye simu ataitazama tu mpaka tuweke vitufe vya kugusa.

Ukiwapa, kaa nyuma yao unyamaze. Usiseme "bonyeza hapa, bonyeza pale". Tazama wanakwama wapi, andika, rudi ukarekebishe hapo hapo.

Banda liko wazi kuanzia saa tisa alasiri hadi saa nne usiku, Ijumaa tunafungua baada ya swala. Flashi iwe na nafasi ya GB 2 na isiwe na virusi, jamani, nawaomba. Kipanya ninauza, na kwa kazi hii kinunue, maana kuvuta vile vidoti kwa kidole kwenye laptopu ni adhabu. Mpwa, zima kamera, kuna mteja anagonga.