Jua la Moshi, Theluji ya Barafu

NEEMA: Karibuni tena kwenye podikasti. Kaka Elisante kashuka Mlima Kilimanjaro jana, midomo imepasuka. Pole kaka.

ELISANTE: Asante dada. Tulikuwa kambi ya Barafu, saa nane mchana theluji ikaanza, zile punje ngumu zinazogonga hema kama mchele. Mgeni ananionesha simu: jua, nyuzi 28.

NEEMA: Jua!

ELISANTE: Simu inasoma Moshi mjini! Moshi iko mita 800 na kitu, Barafu ni 4,673. Kila ukipanda mita 1,000, toa nyuzi kama 6.

NEEMA: Toa 23. Zinabaki 5.

ELISANTE: Hapo hujaweka upepo, wala hujalowa. Nikamwambia, tafuta utabiri unaochagua kimo. Akatafuta, akarudi mbio. Unajua kasemaje?

NEEMA: Jua.

ELISANTE: Jua! Kachagua kilele cha mlima mwingine kabisa!

NEEMA: (anacheka) Huyo mpe maua yake, angalau katafuta. Lakini mawingu ya mchana hayahitaji hata simu.

ELISANTE: Hayahitaji. Asubuhi jua linapasha msitu, unyevu unapanda na mteremko, mchana wingu limekufikia. Ndiyo maana nataka hema zisimame mapema, wagumu, wapagazi wetu, wawe ndani wakiwa wakavu. Mgeni ana koti la maana. Mgumu akilowa sweta la pamba, halikauki mpaka kesho.

NEEMA: Hilo la nguo ni somo la tatu. Tulipanga mawe, radi, nguo. Tuanze na mawe ya Western Breach, ile njia ya ukuta mkali upande wa magharibi. Msimamo wangu mnaujua: ifungwe.

ELISANTE: Haya, tumefika.

NEEMA: Januari 2006 mawe yaliua Wamarekani watatu pale. Njia ikafungwa, baadaye ikafunguliwa.

ELISANTE: Ikafunguliwa kwa utaratibu. Usiku barafu inashika mawe, jua likipiga inaachia. Unaanza gizani, kofia ngumu kichwani, hupumziki kwenye mkondo wa mawe.

NEEMA: Jiwe halina saa, kaka. Barafu yenyewe inapungua, mawe yaliyoshikwa miaka yote yanabaki hayana kitu cha kuyashika. Na mgumu ana kilo 20 kichwani, shingo haigeuki. Atakwepaje?

ELISANTE: Basi wagumu wazunguke njia nyingine.

NEEMA: Na mzigo wa kulala Crater Camp, kambi ya ndani ya kreta kule juu, utapandaje?

ELISANTE: Utapunguzwa. Dada, niliowashusha mimi kwa machela, wote ni ugonjwa wa kimo. Ungeniambia tuongeze siku za kuzoea hewa, ningesaini leo.

NEEMA: Ongeza siku, na njia ifungwe. Kimo kinampa mtu dalili: kichwa, kutapika, kuyumba. Unamshusha, anapona. Jiwe linakupa dalili gani?

ELISANTE: Unalisikia.

NEEMA: Ukishalisikia limeshafika!

ELISANTE: Wapo waongozaji wanaousoma ule ukuta kuliko mimi na wewe. Hao nawaamini.

NEEMA: Nawaheshimu. Siyaamini mawe.

ELISANTE: Hatutaelewana.

NEEMA: Hatutaelewana. Eh, na muda umekwisha! Radi hatujagusa.

ELISANTE: Kwa ufupi: ukisikia ngurumo, toka kwenye mgongo wa mlima, shuka, fimbo za chuma ziweke mbali nawe.

NEEMA: Nguo za wagumu?

ELISANTE: Wiki ijayo. Wenye makoti na buti za kugawa Moshi, waleteni tu hata kabla ya hapo.