Barabara ya Kilwa Inaishia Wapi?

Habari zenu, wadau! Leo sipo Darwin, Australia, nipo nyumbani. Hapa ni kibarazani kwa mama mdogo, Temeke, kwa hiyo kelele za bodaboda mtanivumilia.

Mmenijaza maombi: tuonyeshe fukwe za Australia, tuonyeshe miji ya pwani huko. Nimewaonyesha mpaka mamba. Lakini kuna siku niliaibika. Nipo sokoni Darwin nachagua samaki, mzee mmoja wa Kizungu ananiuliza natoka wapi. Tanzania. Akasema, "Karibu na Kilwa?" Kumbe mwaka 1944 askari wao mmoja aliokota sarafu kuukuu mchangani, visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa ya nchi yao. Tano zilikuwa za shaba, za masultani wa Kilwa! Zilifikaje, mpaka leo wanabishana.

Na mimi nimekulia barabara ya Kilwa. Nimeivuka kwenda shule, nimegombania daladala humo. Mwisho wake sikuwahi kuuona.

Basi juzi nimepanda gari Mbagala Rangi Tatu, alfajiri. Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, halafu Daraja la Mkapa, na Rufiji chini yake, pana, ya rangi ya chai ya maziwa. Nangurukuru mnakata kushoto kwenda Kilwa Masoko. Ni kama kilomita mia tatu. Siti yangu ilikuwa imevunjika egemeo, nimefika mgongo si wangu. Masika msiende kichwa kichwa. Mwaka 2024 mvua iliikata barabara hii Somanga.

Masoko penyewe ni mji wa kulala na kula samaki, sitawadanganya. Mnalipia kibali, mnachukua mashua mpaka Kilwa Kisiwani. Bebeni pesa taslimu, noti ndogondogo. Mimi nilikuta maji yametoka, nikashuka mbali, viatu mkononi, suruali magotini.

Sasa ule msikiti mkuu. Ingieni taratibu. Nguzo baada ya nguzo, juu kuba, jua linapenya pale paa lilipoanguka. Nimeweka kiganja ukutani: ni matumbawe, ukikaribia unaona vitundu vyake, kama sega la nyuki. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika mji huu mwaka 1331 akausifu kwa uzuri, na dhahabu ya Sofala, bandari ya kule Msumbiji, ilikuwa inapita hapa. Mbele kidogo ipo Husuni Kubwa, jumba la sultani, lina bwawa la kuogelea la pembe nane linalotazamana na bahari. Karne ya 14, jamani! Halafu mtu ananiuliza hoteli za Darwin zina bwawa. Gereza, ile ngome ya ufukweni, nimeipita haraka, jua lilikuwa kali.

UNESCO wameyaweka magofu haya kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Siku niliyokwenda tulikuwa wageni watatu, na wawili walikuwa Wajerumani.

Usiku nimerudi, nimemkabidhi mama mdogo simu aone picha. Akavaa miwani, akaupitisha msikiti wote, bwawa, ngome, mpaka mwisho. Akanirudishia simu.

"Kuzuri, mwanangu. Na pweza wangu?"